Nywele hazinywi maji: asili yake au chumvi ya kisima?

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Naomba ushauri.

Nywele ni za asili, hazina dawa. Nikinyunyizia maji, matone yanakaa juu kama kwenye jani la gimbi. Zikishalowa, kukauka ni siku nzima. Huku Mbagala naoshea maji ya kisima, ya chumvi hata sabuni haitoi povu.

Kondishena na taulo la moto dakika 20 zinalainisha, kesho yake ngumu tena. Kipimo cha kuweka unywele kwenye glasi ya maji (ukielea, eti nywele hazinywi maji) sikiamini: ukiwa na mafuta unaelea tu.

Nitatofautishaje nywele ambazo magamba yake (tabaka la nje la unywele) yamefunga kwa asili na nywele zilizogandiwa chumvi? Na siki ya kusuuzia, vijiko 2 vya chakula kwa lita 1, ni kila wiki au kila mwezi?