Naomba ushauri: kupoza kompyuta za utafiti wa sola kwenye joto la Dar

Ndugu wataalamu, salaam.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Dar es Salaam, na utafiti wangu ni kukokotoa tabia za malighafi za paneli za sola kwa kompyuta nane tulizoziunganisha katika chumba kimoja. Kiyoyozi hakizimwi usiku wala mchana, na bado ukipitisha kiganja nyuma ya mashine unahisi upepo wa moto kama wa jiko la mkaa; uniti za LUKU za Jumatatu hazifiki Ijumaa. Inakera kutafiti nishati safi huku tukiteketeza umeme namna hii.

Nimesoma kwamba maabara ya taifa ya nishati iliyoko Golden, Colorado, nchini Marekani, hupoza kompyuta zake kuu kwa maji ya uvuguvugu badala ya hewa baridi, kisha joto linalotoka humo hupasha ofisi. Sisi ofisi hatuhitaji kuzipasha (labda kukaushia dagaa!), na unyevu wa pwani hupunguza nguvu ya upozaji kwa kuvukiza maji.

Je, aliyewahi kufunga mfumo wa maji ukanda wa pwani anashaurije: tuanze nao, au kwanza tupunguze kasi ya prosesa na kuhamishia kazi ndefu usiku? Chumvi ya hewani inanitia hofu kuhusu rejeta.