Naomba ushauri: kupanga upya utaratibu wa oda katika kampuni yetu

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Nakuru, ambako nasimamia mauzo katika kampuni inayosambaza mbegu na mbolea kwa maduka ya Njoro, Molo na Subukia. Oda ya mwenye duka hupokelewa kwa simu, huandikwa kitabuni, hupitia kwa mhasibu, kisha husubiri sahihi ya meneja kabla ya stoo kutoa mzigo; meneja akiwa safarini, karatasi hulala mezani hata siku tatu. Mvua za masika zikishaanza, siku tatu ni nyingi mno kwa mkulima, na inaniuma kusikia kwamba amerudi nyumbani mikono mitupu.

Mkurugenzi anataka tununue programu ya kompyuta. Mimi nasita, kwa kuwa Michael Hammer, mtaalamu wa usimamizi wa Marekani, alisisitiza tangu mwaka 1990 kwamba utaratibu mbovu uondolewe na kupangwa upya, badala ya kuingiziwa kompyuta ukiwa vilevile. Nimependekeza kwamba oda ndogo za wateja wasio na deni zitoke bila sahihi ya meneja, naye meneja aikague orodha ya oda hizo kila Ijumaa. Mhasibu wetu, mtu makini ninayemheshimu, anahofia wizi, na hofu hiyo si ya bure, maana tumewahi kupoteza mifuko.

Waliopitia mabadiliko kama haya, mliweka udhibiti gani stooni sahihi zilipopunguzwa? Je, mlianza na tawi moja, au mlibadilisha kote kwa pamoja? Na makarani ambao kazi yao ilipungua, mliwapangia majukumu gani?