Châteauneuf-du-Pape kwenye joto la Kampala: tuihifadhi, tuifungue na tuimimine vipi?

MhudumuKololo

Ndugu zangu, naomba msaada wa wanaoujua mvinyo wa Ufaransa. Mgahawa umepokea chupa 6 za Châteauneuf-du-Pape nyekundu ya mwaka 2016. Jumamosi ijayo kuna meza ya watu 12 walioziagiza kwa chakula cha jioni: luwombo (mchuzi uliopikwa ndani ya jani la ndizi) ya nyama ya ng'ombe, muchomo wa mbuzi, na sosi ya karanga pembeni. Chumba maalumu cha mvinyo hatuna. Kwa sasa chupa zimesimama kwenye rafu ya stoo, ukuta mmoja na jiko. Lebo inaonyesha alkoholi asilimia 15.

Nimefundishwa kwamba mvinyo mwekundu hutolewa kwa joto la chumba, lakini ukumbi wetu jioni unafika nyuzi 25. Je, ni sawa? Nizifungue saa ngapi kabla? Na kwa nini mvinyo huu una nguvu hivi kuliko Bordeaux tunayouza kila siku?

Kizibuo256

Dada, kabla ya lolote, zitoe chupa karibu na jiko leo hii. Usingoje Jumamosi. Mvinyo ukipata joto la nyuzi 28 hadi 30 hutanuka na kusukuma kizibo. Usiku ukipoa, hunywea na kuvuta hewa ndani. Hali hiyo ikiendelea huua harufu ya matunda, na kinachobaki ni ladha ya jamu iliyoungua. Kagua kila chupa: kizibo kikiwa kimeinuka juu ya mdomo wa chupa, au kukiwa na alama za mvinyo uliokauka chini ya kifuniko cha foili, chupa hiyo iweke kando uionje kwanza kabla haijafika mezani.

Zilaze kwenye sehemu yenye giza, isiyotikisika, ambayo joto lake halipandi na kushuka. Nyuzi 12 hadi 14 ndizo bora. Kwa siku chache, nyuzi 18 zisizobadilika ni salama kuliko 14 zinazoruka hadi 24 kila umeme unapokatika. Kama mna friji ya vinywaji inayoweza kupandishwa hadi nyuzi 12, itumie. Ile friji ya soda ya nyuzi 4 inafaa kwa saa moja ya kupoza tu.

Hilo la "joto la chumba" lilitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya kabla ya mitambo ya kupasha joto, ambako chumba kilikuwa nyuzi 16 au 18. Halihusu Kampala. Mvinyo wa asilimia 15 ukimiminwa kwa nyuzi 25, alkoholi inapanda puani na kufunika kila kitu: unanusa spiriti, koo linawaka, na mgeni anaamini mvinyo ni mbaya. Kwa Châteauneuf-du-Pape hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Lenga nyuzi 15 wakati wa kumimina, kwa sababu kwenye glasi joto hupanda haraka na mgeni ataunywa kwenye 17. Toka nyuzi 25, friji inahitaji takriban saa nzima. Ndoo yenye nusu barafu nusu maji inahitaji kama dakika 10. Maji ni lazima, maana barafu peke yake huacha nafasi za hewa na chupa haipoi sawasawa. Nunueni kipimajoto cha jikoni chenye sindano, kisha mpime mvinyo ulio kwenye glasi, si hewa ya friji.

Kuhusu nguvu yake, ni zabibu na ardhi. Eneo liko kusini mwa bonde la mto Rhône, kati ya Orange na Avignon. Zabibu inayotawala ni Grenache, ambayo huiva kwa kuchelewa na kujaza sukari nyingi, na sukari ndiyo chachu huigeuza kuwa alkoholi. Mashamba mengi, hasa upande wa La Crau, yamefunikwa na mawe ya mviringo yanayoshika joto la mchana na kulirudisha usiku. Upepo wa Mistral hukausha mizabibu, hivyo ukungu haupati nafasi na mkulima anaweza kungoja zabibu ziive kabisa. Sheria nazo zinabana: mavuno hayaruhusiwi kuzidi hektolita 35 (lita 3,500) kwa hekta, zabibu huchumwa kwa mkono na kuchambuliwa, na alkoholi haipaswi kuwa chini ya asilimia 12.5. Kuongeza sukari ni marufuku. Kwa hiyo hiyo 15 yako imetoka kwenye jua. Bordeaux hutegemea zaidi Cabernet Sauvignon na Merlot, karibu na bahari, kwenye hali ya hewa ya baridi zaidi; ndiyo maana inakaza ulimi kwa tanini (ule ukakasi wa maganda na mbegu za zabibu), wakati hii inajaza mdomo kwa upole na uzito.

Nyumba_ya_Zabibu

Naongezea kuhusu kufungua. Mvinyo wa 2016 ni wa mwaka mzuri sana kule na bado una nguvu, kwa hiyo umimine kwenye jagi la kioo lenye tumbo pana saa moja hadi mbili kabla ya kunywa. Watu hukosea kwa kuutoa kizibo tu na kuiacha chupa wazi. Shingo ni nyembamba, hewa inayogusa mvinyo ni kidogo mno, na hakuna kinachobadilika.

Ijumaa asubuhi zisimamishe chupa ili mashapo yatue chini. Jumamosi zipoze hadi nyuzi 14, kata kifuniko chini ya ukingo wa pili wa mdomo, futa, ingiza skrubu ya kizibuo katikati ukibakiza mzunguko mmoja nje ili usitoboe kizibo hadi chini, kisha vuta taratibu. Onja kabla ya kumimina kwenye jagi. Ukisikia harufu ya katoni iliyolowa au stoo yenye ukungu, kizibo kimeuharibu. Hakuna hewa wala muda utakaouponya, fungua nyingine. Harufu kidogo ya ngozi au ya zizi ni jambo jingine. Hutokana na chachu iitwayo Brettanomyces, na kwenye mvinyo wa kusini mwa Rhône baadhi ya wanywaji huipenda. Ikizidi hadi kufunika matunda, ni kasoro.

Mimina polepole, tochi ya simu ikimulika shingo kutoka chini, na acha mara tu uzi mweusi wa mashapo unapokaribia mdomo. Utapoteza kiasi cha vijiko viwili au vitatu. Kwa vile ukumbi ni wa nyuzi 25, kalisha jagi kwenye bakuli la maji baridi yenye vipande vichache vya barafu.

Usizifungue zote sita kwa pamoja. Kipimo cha mililita 120 kwa watu 12 ni mililita 1,440, yaani chupa mbili kasoro kidogo. Fungua mbili, halafu mbili nyingine luwombo inapotoka jikoni. Grenache huchoshwa na hewa haraka, na ndiyo sababu watengenezaji wengi huilaza kwenye matangi ya saruji au mapipa makubwa ya zamani badala ya mapipa madogo mapya.

MhudumuKololo

Asanteni sana, chupa zimeshahama na vizibo vyote viko sawa. Mgeni mmoja ameuliza kama ni halisi kwa sababu chupa haina ile nembo ya Papa iliyochongwa kwenye kioo. Na je, karanga na pilipili haziuharibu?

MzeeWaRhone

Mwanangu, nembo ile ya taji la Papa na funguo za Mtakatifu Petro ilianza kutumika mwaka 1937, lakini si kila mtengenezaji huitumia. Kukosekana kwake hakuthibitishi chochote. Tazama lebo: jina la eneo lazima lifuatane na neno "Appellation", na maneno "mis en bouteille au domaine" au "au château" yanaonyesha umetiwa chupani hapo hapo shambani. Kisha tazama stempu ya kidijitali ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Mgeni akitaka historia, mwambie kwamba Papa Clement V alihamia Avignon mwaka 1309, na mrithi wake John XXII ndiye aliyejenga ngome ya Mapapa pale kijijini. Kanuni za uzalishaji ziliongozwa na Baron Le Roy wa Château Fortia kuanzia 1923, na mwaka 1936 eneo likawa miongoni mwa ya kwanza Ufaransa kupata hadhi ya kisheria. Zabibu zinazoruhusiwa hutajwa kuwa 13. Château de Beaucastel huzilima zote, wakati Château Rayas hutumia Grenache tupu kwa nyekundu yake.

Karanga haina shida. Mafuta yake yanakubaliana na tanini laini ya Grenache kuliko Cabernet. Luwombo ya nyama iliyokaushwa kwa moshi ndiyo itakayong'aa zaidi, hasa ikiwa na uyoga. Hatari ni pilipili: alkoholi ya 15 huuzidisha mwasho wake, kwa hiyo itoe kwenye kibakuli cha pembeni. Vilevile kachumbari yenye ndimu nyingi isiwe kwenye sahani moja na muchomo, kwani mvinyo huu hauna uchachu mwingi na utaonekana umelala. Samaki wa Ziwa Nalubaale (Victoria) mpe mvinyo mweupe.

Siku meza ikiwa ya watu 40, chukua Gigondas au Vacqueyras. Ni majirani, Grenache ni ile ile, na bei kwa kawaida ni ya chini. Na Jumamosi mvinyo ukibaki, ujaze kwenye chupa ndogo ya mililita 375 hadi shingoni, uzibe, uuweke kwenye friji na uuze kwa glasi ndani ya siku mbili.