Nashuka mlima wenye barafu na 4Runner, gari inaserereka hata nikiwa L4

Mtoto_wa_Karatu

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kabla baridi ya mwaka huu haijakolea.

Nimeendesha watalii miaka tisa, Ngorongoro kushuka na kupanda karibu kila siku ya msimu, masika na matope yake yote. Nilidhani mteremko naujua. Sasa niko Colorado, Marekani, karibu na Leadville, mji ulio juu kama mita 3,100 kutoka usawa wa bahari. Natunza nyumba za wageni mlimani. Kutoka kwenye lami ni kilomita mbili za changarawe, na mita mia tatu za mwisho ni mwinamo mkali wenye kona ya kulia. Kushoto ni bonde lenye misonobari.

Gari ni Toyota 4Runner ya 1999, otomatiki, ile yenye leva ya H2 (magurudumu mawili yanasukuma), H4 (yote manne) na L4 (yote manne, kwa gia nzito ya mwendo mdogo). Tairi ni za porini, meno makubwa, bado nzima. Kupanda hainipi shida. Kushuka ndiko kunakonitoa jasho. Februari iliyopita nilishuka saa kumi na moja jioni, L4, gia ya kwanza, mguu nimeutoa kabisa kwenye mafuta. Kabla ya kona mkia ukaanza kuja pembeni. Nikakanyaga breki, na hapo ndipo gari yote ikaanza kwenda yenyewe, usukani mwepesi kama haujaunganishwa na kitu. Ikasimama kwenye tuta la theluji, hatua nne kutoka bondeni. Mke wangu alikuwa pembeni yangu. Tangu siku hiyo hakubali kupanda nami huko.

Nilikosea wapi? Ninunue cheni za kufunga kwenye tairi, au nibadili gari?

Mzee_wa_Gia

Pole sana ndugu yangu, na pole kwa shemeji. Gari usibadili, ni nzuri. Niko milima hiihii ya Colorado mwaka wa 14 sasa, misimu sita kati ya hiyo nikiendesha lori la kusukuma theluji. Naandika kirefu kwa sababu kilichokupata wewe nimekiona kikipeleka watu bondeni.

Kwanza uondoe matope kichwani. Kwenye matope tairi inachimba mpaka ikute ardhi ngumu, na yale meno makubwa yana kazi. Kwenye barafu hakuna cha kuchimba. Kinachoshika ni ulaini wa mpira na vile vimistari vyembamba vilivyokatwa juu ya meno. Tairi yako ya porini ina meno makubwa lakini vimistari vichache, na mpira wake ukipigwa na baridi unakakamaa. Tafuta tairi za theluji zenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua hizo, nne zote, si mbili. Halafu angalia kina cha meno: kwenye barabara kuu ya I-70, sehemu ya milimani, sheria ya majira ya baridi inataka milimita 5 hivi hata kwa fowili, yaani gari inayosukumwa na magurudumu manne. Mimi zikifika hapo nabadilisha.

Pili, saa. Saa kumi na moja jioni ndiyo saa mbaya kuliko zote. Mchana jua limeyeyusha theluji ya juu, maji yakatandaa barabarani, na mlima ukishaweka kivuli yanaanza kuganda. Barafu iliyo karibu na nyuzi 0, bado ina unyevu juu, inateleza kuliko ile ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Barabara uliyopanda saa nne asubuhi siyo uliyoshuka jioni, hata kama ni ileile. Kama kazi inakuruhusu, shuka mapema. Ikishindikana, pita mchana na ndoo ya mchanga, umwage kwenye kona yako na mita ishirini kabla yake.

Sasa mguu wako, maana hapo ndipo kosa lilipo. Gia ya kwanza ya L4 inazilazimisha tairi kuzunguka kwa mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Kwenye changarawe kavu ni sawasawa, ndivyo ulivyozoea Ngorongoro. Kwenye barafu mlima unakusukuma kuliko mwendo huo, tairi zinabaki nyuma ya gari, zinaburuzika. Tairi inayoburuzika haigeuzi gari. Mwanzoni hukugusa breki, lakini injini ilikuwa imeshakufungia breki magurudumu manne. Ulipoongeza ya mguu ukamaliza kidogo kilichobaki. Ongeza na hili: fowili ya leva kama yako inafunga mbele na nyuma zizunguke sawa, na kwenye kona magurudumu ya mbele yanahitaji kwenda zaidi. Kwenye utelezi ni lazima moja liachie.

Dawa yake mwili unaikataa: gari ikianza kuserereka kwa breki ya injini, gusa mafuta kidogo sana, kama unaweka mguu juu ya yai, mpaka tairi zizunguke sawa na mwendo wa gari. Usukani utarudi mkononi. Elekeza gari unakotaka, kisha achia mafuta polepole. Mara yangu ya kwanza kufanya hivyo nilikuwa nalia, nakwambia kweli, lakini gari ilinyooka. Usiende kujifunzia kwenye ule mlima. Tafuta uwanja wa kuegesha magari ulio mtupu siku ya theluji, omba ruhusa, ujirudie mpaka mguu ujue wenyewe.

Kwa mlima wako mimi ningeshuka L4 gia ya pili, na breki naigusa kwa wepesi wakati gari imenyooka, kabla ya kona, kamwe si ndani yake. L4 iingize huko juu kwenye tambarare, gari imesimama, gia iko N (huru). Leva isije ikakwama katikati: hapo injini haishiki gurudumu lolote na gari inaondoka kama mkokoteni.

Na siku ukishindwa kupanda, usijaribu kugeuza mlimani. Gari ikikaa ubavu kwenye mwinamo umeshaipoteza. Shika breki, weka rivasi, rudi moja kwa moja kwenye alama zako mwenyewe, ukitumia gia kukushikilia. Mtu asishuke N hata hatua mbili.

Simba_wa_Drakensberg

Mzee kamaliza. Mimi niko Afrika Kusini, naendesha watalii Sani Pass, ile njia ya kupanda Lesotho. Kileleni inakaribia mita 2,900, kona zimekunjana, na huku chini mpakani hawamruhusu mtu kupanda bila fowili. Juni mpaka Agosti theluji inaanguka, na kona zilizo kivulini zinabaki na barafu hata jua likiwaka kwingine kote. Kabla ya kushuka naegesha juu, natembea kwa miguu hadi kona mbili za kwanza. Mguu wangu ukiteleza, wageni wanakunywa chai tunasubiri. Wamewahi kunikasirikia, tena sana. Sijali.

Swali kwa Mzee: sisi theluji ikiwa nyingi tunapunguza upepo wa tairi. Kwake asipunguze?

Mzee_wa_Gia

Theluji laini ya kina, ndiyo, inasaidia tairi itandaze mguu na kuelea. Kwenye barafu ngumu kama ya huyu ndugu faida ni ndogo. Tena baridi yenyewe inapunguza upepo, kama psi 1 (kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazoshuka. Apime asubuhi gari ikiwa imepoa, ajaze inavyotakiwa. Na kama gari ina loku ya difu ya nyuma, ile inayofunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke sawa, kwenye barabara iliyolala upande aizime, la sivyo mkia unatelemkia bondeni.

Mtoto_wa_Karatu

Asanteni sana wakuu. Nimesoma mara tatu, na mke wangu nimemsomea. Lile la injini kunifungia breki sijawahi kuambiwa, na nimekaa kwenye usukani nusu ya umri wangu. Tairi nimeagiza. Cheni je? Mbele au nyuma?

Mzee_wa_Gia

Kwa mlima huo funga nne. Za mbele peke yake, ukishuka mkia unakuja kukupita. Za nyuma peke yake, usukani unakosa pa kushika. Kama uwezo ni pea moja, fuata kitabu cha gari. Kabla ya kununua pitisha mkono ndani ya gurudumu la mbele, usukani umekatwa mpaka mwisho, uone nafasi kati ya tairi na paipu ya breki, cheni isije ikaikata. Zifunge kwenye tambarare, siyo mlimani, endesha mita mia, simama uzikaze tena. Na usizidi kilomita 50 kwa saa. Shemeji naye umfundishe kuzifunga.