Farasi wawili kwenye malisho ya kukodi msimu wa baridi, Uingereza: bajeti iweje?

Mwendo_wa_Shoti
Habari wakuu. Nina farasi wawili kusini mwa Uingereza: mmoja wa kilo 500 hivi, aliyehasiwa, na poni wa kilo 300 anayenenepa upesi. Natafuta mahali pa kuwaweka malishoni usiku na mchana kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Aprili, bila banda la kulala. Kuna mashamba mawili. La kwanza ni pauni 28 kwa wiki kwa kila farasi, hei (nyasi zilizokaushwa) najinunulia. La pili ni pauni 45 kwa wiki kwa kila mmoja, hei imo. Hei ya eneo hili nimetajiwa pauni 50 kwa robota la mviringo la kilo 250. Shamba la kwanza ni ekari 3 za udongo wa mfinyanzi, farasi wangu peke yao. Lipi ni nafuu kweli, na gharama zipi nisizisahau?

Hori_na_Wavu
Mkuu, kodi ni sehemu rahisi ya hesabu. Kwa wiki 26, shamba la kwanza ni pauni 1,456 na la pili ni pauni 2,340. Tofauti ni pauni 884. Swali ni kama hei yako itafika hapo.

Farasi mkubwa mpigie asilimia 2 ya uzito wake kwa siku kama chakula kikavu kabisa, yaani kilo 10. Hei nzuri ina unyevu wa asilimia 15 hivi, kwa hiyo ni karibu kilo 12 kwenye mizani. Poni anayenenepa mpe asilimia 1.5: kilo 4.5 za chakula kikavu, sawa na kilo 5 na ushee za hei. Jumla kilo 17 kwa siku. Desemba mpaka Machi hesabu kamili, siku 121, kwa sababu udongo ukishuka chini ya nyuzi 6 hivi nyasi hazikui, na hata kama uwanja unaonekana kijani, wanachong'oa ni kidogo. Novemba na Aprili weka nusu. Utapata kama kilo 2,570 zinazoingia tumboni.

Zinazoingia tumboni, nasisitiza. Hei ikitupwa chini kwenye tope, theluthi moja kupotea si ajabu: inakanyagwa, inakojolewa, inalaliwa. Hapo utanunua marobota 16, pauni 800. Ikiwa kwenye nyavu za kulishia au hori lenye uzio wa chuma na upotevu ukabaki asilimia 10, utanunua 12, pauni 600. Kwa hiyo shamba la kwanza ni nafuu kwa pauni 284 ukitumia nyavu, na kwa pauni 84 tu ukitupa chini. Bado hujalipa mafuta ya gari wala muda wa kubeba hei kila siku.

Tahadhari kuhusu robota la mviringo: usilipeleke zima uwanjani. Farasi wawili watalimaliza kwa wiki mbili, na mvua ya huko haitalisubiri. Nje litaota ukungu, na vumbi la ukungu ndilo linaloanzisha kikohozi na pumu ya farasi. Liweke chini ya paa juu ya paleti za mbao, lifumue kidogo kidogo, pima kwa mizani ya kuning'iniza mizigo, jaza nyavu. Hei iliyofungwa kwenye plastiki ikiwa na unyevu ndiyo haikufai kabisa kwa marobota makubwa: ikishafunguliwa inataka kuisha ndani ya siku chache, na kwa kuwa ina maji zaidi utahitaji kilo nyingi zaidi kwa lishe ileile.

Fumua robota moja kabla ya kulipia yote. Nusa, tazama vumbi, na tafuta vipande vya Jacobaea vulgaris (ragwort kwa Kiingereza), ule mmea wa maua ya manjano unaoharibu ini. Ukiwa mbichi farasi wengi wanaukwepa kwa uchungu wake. Ukikauka ndani ya hei wanaula, na sumu bado imo.

Tope_Magotini
Mwenzangu kamaliza hei, mimi niseme ardhi. Ekari 3 kwa farasi wawili zinaingia kwenye kipimo kinachopendekezwa Uingereza cha ekari 1 hadi 1.5 kwa farasi mmoja, lakini kipimo hicho hakiujui mfinyanzi wako. Udongo wa mfinyanzi ukilowa unakanyagika mpaka mizizi inakatika, na Aprili utakuta magugu yametangulia nyasi.

Gawa uwanja kwa uzio wa umeme tangu Novemba. Sehemu moja kubali iharibike, nyingine ifunge kabisa ili upate nyasi za kuanzia. Iliyo ya kuharibika iwe juu mlimani, si bondeni. Usilishie getini, hapo ndipo wanaposimama siku nzima wakikusubiri. Geti la mfinyanzi bila kokoto ngumu juu ya kitambaa cha jiotekstaili litakuwa bwawa kufikia Januari. Ukimwaga kokoto bila kitambaa zitazama zote ndani ya msimu mmoja, hela imekwenda. Muulize mwenye shamba nani anagharimia hilo, na nani analipa kusawazisha na kupanda nyasi upya msimu ukiisha. Mikataba mingi inakaa kimya hapo na mpangaji anashtukia bili.

Tope lina gharama ya daktari pia. Miguu ikilowa wiki nzima ngozi inalainika, bakteria Dermatophilus congolensis wanaingia, unapata magamba na uvimbe nyuma ya kifundo. Kuosha kila jioni kunazidisha maji. Afadhali tope likauke, ulipige brashi, ukague kwa vidole. Kwato zikwangue kila siku. Ukikuta uozo mweusi wenye harufu mbaya pembeni mwa chura wa ukwato (ile sehemu laini ya pembetatu chini yake), mwite fundi wa kwato mapema. Yeye umhesabie kila wiki 6 hadi 8, kwa hiyo mara nne kwa msimu huo. Kama hawafanyi kazi ngumu, jadiliana naye kuhusu kuvua viatu, maana tope zito hung'oa kiatu pamoja na kipande cha ukwato.

Maji: farasi wa kilo 500 anayekula hei anaweza kunywa lita 25 au zaidi kwa siku, kwa sababu hei haina maji kama nyasi. Barafu ikifunika birika akapunguza kunywa, hei inakwama tumboni na anapata msokoto wa tumbo. Vunja barafu asubuhi na jioni, kisha itoe kabisa, vinginevyo inajifunga tena.

Na kabla ya kusaini, zunguka uzio wote uangalie mti wa Acer pseudoplatanus (sycamore kwa Kiingereza). Mbegu zake zenye bawa huanguka vuli na kupeperuka mbali, miche huota majira ya kuchipua, na sumu yake huvunja misuli. Farasi wengi wanaoipata hufa. Ukiukuta, zitenge kwa uzio sehemu zenye mbegu au tafuta shamba jingine.

Shingo_Ndefu
Naongeza kuhusu mwili na sheria.

Poni wako huenda asihitaji blanketi kabisa. Manyoya yakiachwa yakue na pakiwa na kichaka au ukuta wa kukinga upepo, baridi inamsaidia kuchoma mafuta kabla nyasi za Aprili hazijaja. Kumvika na kumshibisha baridi nzima ni kumwandalia ugonjwa wa kwato wa laminitisi. Asubuhi zenye barafu na jua kali nyasi hujaa sukari, na yeye ndiye wa kwanza kuumia. Mkubwa kama ananyolewa au anakonda, nunua mawili yasiyopitisha maji, moja likilowa jingine linavaliwa. Vua kila siku upapase mbavu kwa mkono. Manyoya marefu yanadanganya macho.

Uzito unaupata kwa utepe: mzunguko wa kifua kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, zidisha kwa urefu wa mwili toka ncha ya bega mpaka ncha ya tako, gawanya kwa 11,880. Mwenye kifua 180 na urefu 165 ana kilo 450. Tumia namba hiyo kwa hei na kwa dawa ya minyoo. Kuhusu minyoo, kipimo cha kinyesi hakioni viluwiluwi vya minyoo midogo myekundu vilivyojificha kwenye ukuta wa utumbo. Ongea na daktari wa mifugo kuhusu moxidectin, dawa inayoviua, mwisho wa vuli.

Kisheria, pasipoti ya kila farasi ni lazima, na England chipu ya utambulisho chini ya ngozi ni lazima tangu tarehe 1 Oktoba 2020. Chini ya Animal Welfare Act ya 2006 mwenye farasi anabaki mwajibika hata anapomlipa mtu amwangalie. Kwa hiyo hata shamba la pauni 45 halikuondolei ukaguzi wa kila siku. Uliza nani anafanya na Jumapili inakuwaje.

Mwendo_wa_Shoti
Asanteni sana, nimepata mwanga. Nimewauliza shamba la pili: hei wanaweka robota zima uwanjani, farasi sita pamoja, na wanaanza "nyasi zikiisha". Poni wangu ataponea hapo?

Hori_na_Wavu
Farasi sita watalimaliza robota kwa siku nne au tano, ukungu si tatizo tena. Tatizo ni poni, atakula mchana na usiku. Waombe wamtenge kwa uzio wa umeme pamoja na mwenzake mmoja mtulivu, wapate nyavu za matundu madogo zilizopimwa. Wakikataa, mpeleke la kwanza. Na "nyasi zikiisha" iandikwe kwa kipimo, mfano zikishuka chini ya sentimita 5, au waandike tarehe. La sivyo Novemba nzima utanunua hei mwenyewe huku unalipa pauni 45.

Tope_Magotini
Ulizia pia mgeni anawekwa wapi wiki mbili za kwanza kabla ya kuchanganywa na wale sita. Kama hawana uwanja wa karantini, ugonjwa wa strangles (maambukizi ya koo na tezi yanayoenea upesi) ukiingia shamba zima linafungwa.