MJADALA: Bendera za mataifa kwenye sanaa zetu, zinatuunganisha au zinatutenga?

Wadau, salaam.

Hoja iliyo mezani ni hii: mchoraji, mdarizi, fundi wa shanga au kijana anayepaka rangi ukutani akitumia bendera za mataifa kwenye kazi yake binafsi ili kuwaleta karibu watu wa nchi mbalimbali, anafanya jambo la maana au anachezea vya wenyewe? Waliotangulia kuchangia wako makundi mawili. Kuna wanaosema bendera imepatikana kwa jasho na damu, mahali pake ni mlingotini na si kwenye turubai la mtu. Na kuna wanaosema bendera ndiyo mpaka wenyewe, kwa hiyo anayetaka kuunganisha watu achore ngoma, nyuso na vyakula, bendera aachane nazo.

Mimi sikubaliani na kundi lolote kati ya hayo. Bendera inafaa kabisa kwenye sanaa, na inaweza kuwasogeza watu kuliko zile picha za mikono iliyoshikana tulizozoea. Ila sharti lipo, na wengi hawalitimizi: mwenye bendera awe na sauti katika kazi hiyo.

Nianze na wale wa mlingotini, maana nawaheshimu. Wazee wangu, bendera yetu wenyewe ni kazi ya kuunganisha bendera mbili. Tanganyika ilikuwa na kijani, dhahabu na nyeusi. Zanzibar baada ya Mapinduzi ilikuwa na buluu, nyeusi na kijani. Muungano ukaja tarehe 26 Aprili 1964, na kufikia tarehe 30 Juni mwaka huohuo ikapatikana hii tunayoipandisha leo: mistari imelazwa mshazari, buluu ya Zanzibar imeingia, dhahabu ya Tanganyika imebanwa pembeni mwa nyeusi. Kuna mtu alikaa na rangi za pande mbili akatafuta namna ya kuziweka pamoja bila upande mmoja kumezwa. Zanzibar nayo tangu mwaka 2005 ina bendera yake, na pembeni juu imebeba ile ya Muungano. Tukisema kuchanganya bendera ni kuzivunjia heshima, tumeisahau asili ya yetu.

Sasa kwa wale wanaosema bendera ni mpaka tu. Mfano ninaoutegemea ni wa msanii Mwitaliano Alighiero Boetti. Kuanzia mwaka 1971 alikuwa akipeleka Kabul vitambaa vilivyochorwa ramani ya dunia, kila nchi imejazwa bendera yake, na wanawake wa Afghanistan wakavidarizi kwa mkono. Majeshi ya Kisovieti yalipoingia nchini humo mwaka 1979, kazi ilihamia kwa wakimbizi wa Kiafghani huko Peshawar, Pakistan, na ikaendelea mpaka Boetti alipofariki mwaka 1994. Anayejua kofia ya kiua inavyokula miezi mikononi mwa mshonaji ataelewa ramani kubwa kama hizo zilivyokula muda. Hazifanani, kwa sababu dunia haikutulia: wekundu wa Umoja wa Kisovieti umetanda juu ya ramani miaka yote hiyo, halafu kwenye zile za mwisho haupo tena.

Kinachonigusa zaidi ni bahari. Ramani moja ilirudi bahari yake ikiwa ya waridi. Inasimuliwa kwamba wadarizi walikuwa na uzi wa rangi hiyo kwa wingi, na Afghanistan haina pwani, kwa hiyo buluu ya bahari haikuwa sheria kwao. Boetti hakuirudisha ifumuliwe. Tangu hapo aliwaachia wao waamue rangi ya maji, na ndiyo maana baadhi ya ramani zake zina bahari za rangi ambazo hakuna mwanajiografia angezikubali. Hapo ndipo naona watu wamekutana. Zile bendera zilikuwa sababu ya kuwaweka mezani, ila kukutana kwenyewe kulianza pale mmoja alipokubali uamuzi wa mwenzake.

Lakini nisiwafiche wadau, kazi hiyo ina doa. Jina la Boetti liko kwenye majumba makubwa ya makumbusho. Majina ya wale wanawake, wengi wao, hatuyajui. Kazi inayosema inaunganisha dunia, kisha upande mmoja ukapata jina na mwingine ukapata ujira tu, imefika nusu ya safari, na wasanii wa leo hawana kisingizio cha kurudia hilo.

Wapo waliojaribu kwa njia nyingine. Mjapani Yukinori Yanagi alipeleka kwenye maonyesho ya Venice mwaka 1993 masanduku ya plastiki angavu, kila moja lina bendera iliyotengenezwa kwa mchanga wa rangi, na masanduku yote yameunganishwa kwa mirija. Akaachia sisimizi ndani. Wakachimba njia zao, wakabeba chembe za bendera hii wakazimwaga kwenye bendera ile, mpaka mistari ikaanza kuvurugika. Ni kazi yenye akili sana, nakubali. Lakini mimi Boetti namweka juu yake, kwa sababu sisimizi hawajui wanachobeba. Binadamu anajua.

Na kwa kuwa anajua, bendera inaweza kumuumiza. Hili wachoraji wetu wengi hawalifikirii. Chukua Rwanda. Bendera ya zamani ilikuwa nyekundu, njano na kijani, na herufi R nyeusi katikati. Iliondolewa mwaka 2001, kwa kuwa wengi waliihusisha na mauaji ya kimbari ya 1994, ikaja hii ya buluu, njano na kijani yenye jua. Sasa kijana anachora ukuta wa urafiki wa Afrika Mashariki, ananakili bendera kutoka kitabu cha zamani, anaweka ile yenye R. Nia yake njema. Mnyarwanda aliyenusurika akipita pale ataona nini? Au chukua Saudi Arabia, ambayo bendera yake imeandikwa shahada. Mwaka 2007 wanajeshi wa Marekani waliwadondoshea watoto wa Khost, Afghanistan, mipira yenye bendera za nchi mbalimbali, ya Saudia ikiwemo. Ilikusudiwa kuwa zawadi. Watu wakaandamana, kwa sababu mpira hupigwa teke, na juu yake kuna jina la Mwenyezi Mungu na la Mtume. Kumuuliza Mwislamu mmoja tu kabla ya kuchapa kungetosha.

Kuhusu sheria nitapita haraka. Kenya ina sheria ya bendera, nembo na majina, Sura ya 99, ambayo kwa ufupi inamzuia mtu kutangazia biashara yake kwa bendera bila idhini ya maandishi ya waziri. Tanzania nasi tuna Sheria ya Nembo za Taifa. Sioni ubaya kuzuia kampuni isijifunike bendera ili iuze bidhaa. Ila sheria za namna hii zisigeuzwe fimbo ya kumchapia msanii. Marekani walipita huko: mwaka 1970 msanii Faith Ringgold na wenzake wawili walikamatwa New York kwa maonyesho ya kazi za sanaa zilizotumia bendera, wakatozwa faini. Leo kazi za mama huyo zinatundikwa kwa fahari katika majumba ya makumbusho ya nchi ileile.

Turudi nyumbani, kwenye bangili za shanga zinazouzwa kuanzia Mwenge, Dar es Salaam, mpaka Maasai Market ya Nairobi. Ya Kenya ni rahisi kwa fundi, mistari inakwenda sambamba na mkono mpaka ifike kwenye ngao. Ya Tanzania inamtesa: ili mshazari ukae sawa, kila safu lazima aisogeze rangi kwa shanga moja, na dhahabu haitakiwi ipotee kandokando ya nyeusi. Akikosea safu moja anafumua. Mgeni anayeagiza bendera ya kwao inabidi akae pale na fundi waelewane: nyekundu iko juu au chini, nyota zina pembe ngapi. Mazungumzo hayo mimi nayathamini kuliko bango lolote la bendera mia zilizopangwa kama bidhaa dukani. Ninachoomba ni kidogo tu, fundi aweke jina lake kwenye kile kikaratasi cha bei.

Kuna jambo moja bado linanisumbua, na hapa nahitaji mawazo yenu. Mwaka 2016 wanamichezo 10 wakimbizi walishiriki Olimpiki ya Rio, wawili kati yao wanajudo kutoka Kongo, Popole Misenga na Yolande Mabika. Kwenye ufunguzi waliingia uwanjani chini ya bendera ya Olimpiki. Yara Said, msanii mkimbizi kutoka Syria, aliwabunia wakimbizi bendera ya rangi ya chungwa yenye mstari mweusi, rangi za jaketi la kuokolea maisha baharini. Ni kazi nzuri na ya kweli kwa waliovuka bahari kama yeye. Lakini mtoto aliyezaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma, kwa wazazi wa Kongo au Burundi, hajavuka bahari yoyote. Bendera ya wazazi wake hajawahi kuiona ikipandishwa, na anayoiona kila siku wanamwambia si yake.

Mwalimu akiwaambia darasa zima wachore bendera zao kwa ajili ya kubadilishana picha na shule ya nje, huyu achore ipi? Mimi nasema aruhusiwe kuchanganya, aweke nyota za Burundi ndani ya mshazari wetu akitaka, na asiwepo mtu wa kumpigia mstari mwekundu. Anayepinga alete hoja yake, hasa ninyi mnaofundisha huko Kigoma.