Naomba ushauri: kipindi cha michezo kwa wanafunzi 84

Ndugu walimu, ninafundisha michezo darasa la tano katika shule ya msingi mkoani Dodoma, nikiwa na wanafunzi 84, mipira miwili na kiwanja cha changarawe, kwa kipindi cha dakika 40. Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja aliyekuwa akifanya mruko wa chini (kuruka umbali) alitua kwenye shimo la mchanga ulioshindiliwa na mvua hadi ukawa mgumu kama sakafu, akateguka kifundo cha mguu. Tangu siku hiyo ninalilima shimo lile kwa jembe kabla ya kila kipindi, na mbio nimezihamishia asubuhi, jua likiwa bado halijawaka.

Ninawagawa katika makundi manne, lakini wanaosubiri zamu ndio wanaosukumana na kuumizana. Je, mnawapa kazi gani yenye maana isiyohitaji vifaa?

Jambo linaloninyima usingizi zaidi ni watoto wenye pumu au seli mundu, ambao hunyamaza na kukimbia na wenzao ili wasionekane dhaifu. Naomba mnieleze mnavyopata taarifa hizo kwa wazazi bila kumwaibisha mtoto, na mnavyompangia mazoezi yanayomfaa huku akibaki miongoni mwa wenzake.